Siku moja na kinanda chenye shetani

Saa moja asubuhi chai haijapoa, simu inaita. Ni mwalimu wa muziki wa Unguja, anafundishia watoto kwa programu yangu ya kinanda.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Mwanangu, kinanda chako kina shetani. Nimeinua vidole vyote, bado kinaimba."

Yeye anatumia Android. Mimi majaribio nafanyia zaidi kwenye iPhone, kwa uvivu tu.

Saa tatu niko mezani, Sinza, na Android mkononi. Nabonyeza do, kisha mi. Nainua do, inanyamaza. Nainua mi, inaendelea kulia. Kweli shetani yumo.

Mpaka saa sita nilikuwa nimemkamata. Android hukuletea vidole vyote katika tukio moja, na kila kidole kina vitu viwili: nafasi na namba yake. Ni kama foleni ya zahanati. Wa mbele akitoka, wa pili anasogea kuwa wa kwanza, lakini kadi aliyoshika ni ileile. Mimi nilikuwa nahesabu nafasi. Do ilipoinuliwa, kidole cha mi kikahamia nafasi ya sifuri, ndiyo ya kwanza kwa kompyuta. Kilipoinuka nacho, programu ikaizima do iliyokwisha kunyamaza, na mi ikaachwa inalia. Dawa ni mstari mmoja: soma namba kwa getPointerId. Saa tatu nzima kwa mstari mmoja!

Kwenye iPhone kosa hili halikuonekana kwa sababu kila kidole kina kitu chake kinachokiwakilisha, UITouch, kilekile tangu kinagusa hadi kinainuka. Ila nako nilishapotezewa nusu siku: eneo la skrini hupokea kidole kimoja tu mpaka uwashe isMultipleTouchEnabled.

Saa saba, wali maharage kwa mama ntilie.

Saa nane nikajaribu simu ambayo ukiburuta vidole vitatu inapiga picha ya skrini. Akodi (noti kadhaa kwa pamoja) ya vidole vitatu, kidogo tu viteleze, mfumo unakunyang'anya vidole vyote na kukutumia ACTION_CANCEL, ishara kwamba miguso imefutwa. Sikuwa nimeishughulikia, kwa hiyo sauti tatu zikalia pamoja kama msiba. iPhone nayo ina touchesCancelled, na ukiweka kidole cha sita hufuta vyote. Sasa kokote ufutaji ukija, kinanda kinanyamaza chote.

Saa kumi, simu ya bei ya chini inayotambua vidole viwili tu. Hapo msimbo hauwezi kitu. Nimeongeza kitufe kinachopiga akodi nzima kwa kidole kimoja. (Zinazofuatilia vidole vitano na zaidi, Android huziita "jazzhand". Aliyechagua jina hilo alikuwa na siku njema kuliko yangu.)

Saa kumi na mbili jioni nikamtumia mwalimu toleo jipya. Akarudisha sauti: watoto wanagongagonga, halafu kimya, halafu yeye:

"Haya, katoka. Sasa mbona hiyo fa yako iko chini?"