Utando wa nikeli, sumaku na feni: mradi wangu umefikia hapa

Jumamosi usiku, Makorora, Tanga. Naandika sasa hivi kabla sijalala maana leo ndo siku niliyokuwa naisubiri tangu kaskazi ilipoanza kuvuma, na nikiacha mpaka kesho nitasahau vitu vidogo vidogo ambavyo ndo vyenye kazi.

Kwa ambaye hajafuata tangu mwanzo, nataka kuona kwa vifaa vyangu mwenyewe kile alichokiona William Thomson, yule aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, mwaka 1856. Aliona kwamba ukinzani wa umeme (yaani jinsi kitu kinavyouzuia umeme kupita) kwenye chuma na nikeli unabadilika ukiiweka karibu na sumaku, tena unabadilika kufuatana na upande. Usumaku ukilala sambamba na njia ya umeme ukinzani unapanda, ukiikata njia hiyo ukinzani unashuka. Kwa nikeli tofauti yenyewe ni kama asilimia 2 tu. Ni ndogo, ila diski za kompyuta (hard disk) za mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa zinasoma data kwa njia hiyo hiyo, mpaka kampuni ya IBM walipoleta vichwa vya kusomea vya aina mpya mwaka 1997 kutokana na ugunduzi wa Albert Fert na Peter Grünberg wa 1988, ule uliowapa Nobel ya 2007. Wao walipanga tabaka za nanometa chache chache, sumaku halafu isiyo sumaku halafu sumaku tena, na hiyo inataka mashine za kunyonya hewa. Mi nina siki tu ya kuyeyushia nikeli, kwa hiyo nimebaki kwa Thomson.

Kwa nini utando, yaani tabaka jembamba sana la nikeli, na sio kipande cha nikeli tu? Kipande kina ukinzani mdogo mno, multimita (kile kipimo cha umeme) inaonyesha sifuri. Ukiufanya mwembamba ukinzani unapanda, na faida ya pili ni kwamba kwenye utando usumaku unapenda kulala bapa, hauinuki, hivyo ukizungusha sumaku pembeni na wenyewe unazunguka kwa utii.

Wiki mbili za kwanza zilienda kwenye nikeli yenyewe. Nilinunua vile vipande vya kuungia betri, pakiti mbili tofauti, na moja ilikuwa chuma kilichopakwa nikeli juu juu. Sumaku haikusaidii kuzitofautisha maana inanata kwenye zote mbili, nikeli nayo ni ya sumaku. Kinachosaidia ni kukwaruza kwa msasa halafu unalaza kwenye maji ya chumvi, asubuhi cha uongo kina kutu na cha kweli kinang'aa. Kisha siki nyeupe, chumvi kidogo sana, vipande viwili vya nikeli na umeme wa adapta, ukiacha masaa kadhaa maji yanageuka kijani. Hapa naomba mtu asichukulie poa: chumvi ikizidi inatoka klorini, chumvi za nikeli zinaharibu ngozi na ni sumu, kwa hiyo glavu na dirisha wazi, na usithubutu kuweka stenlesi upande wa chanya kwa sababu itakutolea kromiamu ya sumu mbaya zaidi. Mimi stenlesi naitumia upande wa hasi tu. Na maji yaliyokwisha kazi simwagi, natia magadi soda mpaka ile nikeli inakuwa tope la kijani linalotulia chini, naliweka kwenye chupa yenye kifuniko. Bahari iko hapo Raskazoni, watu wanaoga na kuvua samaki, haiwezekani nimwage kitu kama kile.

Utando nautengenezea juu ya bati la stenlesi lililosuguliwa sana, maana nikeli haishikani nalo vizuri, unaweza kuubandua kwa selotepu. Nyuma ya bati nimepaka rangi ya kucha ili umeme usipite huko. Eneo ni sentimita 4 kwa 5, umeme miliampia 100, dakika 20. Kwa hesabu ya Faraday, inayokwambia umeme uliopita umegandisha nikeli kiasi gani, hiyo ni kulombu 120, kama miligramu 36 za nikeli, unene mikroni 2 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Nilianza na mikroni 1 ikachanika kila mara, na nilipojaribu kuharakisha kwa kuongeza umeme utando ukawa mweusi na kujikunja wenyewe kabla hata sijaugusa. Taratibu ndo inafanya kazi, na kutikisa bati kila baada ya muda ili mapovu ya haidrojeni yasiache vitobo.

Nikakata kwa wembe ukanda wa milimita 2 upana, sentimita 4 urefu, nikaubandika kwenye kioo, nikabana ncha kwa skrubu za shaba. Waya nne: mbili zinapeleka umeme, mbili zinasoma volti, ili ukinzani wa waya usiingie kwenye hesabu. Nilitegemea omu 0.7, nikapata 0.9. Nadhani sehemu ya umeme ilienda kutengeneza mapovu badala ya nikeli, kwa hiyo utando ni mwembamba kuliko hesabu, na nikeli ya kwenye siki haiwezi kuwa safi kama ya kitabuni.

Sasa shida iliyonila wiki tatu. Nikisogeza sumaku, namba inasogea. Nikifurahi, namba inaendelea kusogea na sumaku nimeshaiondoa! Inapanda, inapanda, halafu ghafla inashuka. Nilibadilisha waya, nikabadilisha adapta, nikatumia betri, wapi. Siku moja umeme ukakatika mchana, laptop na betri zinaendelea, feni ikasimama, nikaona namba inapaa kama imepewa amri. Ikawa ndo jibu. Ukinzani wa nikeli unapanda kama asilimia 0.6 kwa kila nyuzi moja ya joto, yaani nyuzi tatu tu zinafunika kabisa kile ninachokitafuta, na chumba changu upepo wa bahari ukiingia saa tisa kinabadilika zaidi ya hapo. Nilikuwa napima feni muda wote.

Kujaribu kutuliza joto la Tanga niliacha mapema. Nilichofanya ni kutumia tando mbili kutoka bati moja, nimezibandika kwenye kioo kimoja kwa pembe mraba, moja imelala mashariki magharibi nyingine kaskazini kusini, nikaziunga mfululizo, upande wa pili vipingamizi viwili vya kawaida, ikawa daraja la Wheatstone, yaani saketi ya kulinganisha ukinzani, ambapo napima volti pale katikati ya tando mbili dhidi ya katikati ya vipingamizi. Joto likija linazipandisha zote sawa, pale katikati hapasogei. Sumaku ikija inapandisha moja na kushusha nyingine, katikati panasogea. Nafikiri huu ndo uamuzi bora niliofanya kwenye mradi mzima.

Ilibaki kuzungusha sumaku kwa utaratibu. Nilitoa sumaku mbili kwenye hard disk mbovu, nikazielekeza zitazamane na kioo katikati. Kwa mzunguko nikaenda kwa mzee mmoja fundi baiskeli, Ngamiani. "Shikamoo mzee." "Marahaba, leo baiskeli ina nini?" Nikamweleza sina baiskeli, nataka habu ya mbele, kile kitovu cha gurudumu. Akanipa ya chuma, nikaigusisha sumaku ikanasa kwa kishindo. Akatikisa kichwa, "Hiyo itakuvuta sumaku zako, mwanangu, chukua ya alumini," akaipangusa grisi na kuikaza mpaka inazunguka bila kucheza. Nikagongomelea ubao juu yake, nikachora alama kila nyuzi 15.

Leo jioni mpwa wangu kaja, yeye anazungusha, mimi nasoma. Umeme miliampia 100, kibadilishi cha biti 16, kinachogeuza volti kuwa namba za kompyuta, kinachoona mpaka mikrovolti 8 hivi. Feni nimeiacha inazunguka makusudi. Nyuzi 0, 15, 30, "Tayari mjomba," "Songa," mpaka 360. Nilipochora kwenye karatasi ya mraba yalitoka mawimbi mawili kwa mzunguko mmoja, vilele viwili, mabonde mawili, tofauti ya juu na chini mikrovolti 1,100 hivi, sawa na asilimia 1.2 ya ukinzani. Viwili! Na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu ukinzani haujali ncha ya kaskazini iko wapi, unajali tu mstari umelala vipi, hivyo ukigeuza sumaku nyuzi 180 unarudi pale pale. Joto haliwezi kuchora kitu kama hicho. Tumerudia mara nne, mara ya tatu na dirisha wazi, vilele vimekaa pale pale, karibu na 30 na 210. Nilitegemea 0 na 180, ila nadhani kioo nilikibandika upande kidogo, kesho nitapima pembe.

Kinachofuata nataka kutia chuma kwenye maji ya kijani, nikaribie ule mchanganyiko wa nikeli 81 kwa chuma 19 ambao unageuka kwa sumaku dhaifu zaidi. Bati nimeshalisugua, limelala kwenye maji safi, na mpwa kasema Jumamosi ijayo anakuja saa nne.