Waliokata Tiketi na Waliosafiri

Mwezi Machi mwaka 2009 nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha mkoa wa Morogoro, kando ya barabara kuu iendayo Dodoma. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa wengi wa wahusika wangali hai. Kwa macho ya msafiri hakikuwa kijiji tena. Mabasi yalisimama hapo abiria wakachimba dawa na kununua mahindi ya kuchoma, nyumba za kulala wageni zilikuwa saba, mashine za kusaga zilinguruma tangu alfajiri, na kila Jumamosi mnada ulijaza watu, mbuzi na mitumba hadi magari yakakosa pa kupita. Kisheria, hata hivyo, kilikuwa kijiji, chenye mwenyekiti, mtendaji, halmashauri ya kijiji isiyozidi wajumbe 25, na hati ya kuandikishwa ambayo karatasi yake ilikuwa imekunjwa mara nyingi hata ikaanza kuachana kwenye mikunjo.

Wazo la kukibadilisha lilitoka kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Ilipendekezwa kwamba kijiji chetu, pamoja na vitongoji viwili vya kijiji jirani vilivyokwisha kuungana nacho kwa nyumba, kiombewe kuwa mamlaka ya mji mdogo. Ikaundwa kamati ndogo ya watu tisa ipitie jambo hilo, isikilize wananchi na kuandika taarifa, ambayo ingepanda kwa ngazi zake: mkutano mkuu wa kijiji, kata, baraza la madiwani, kamati ya ushauri ya wilaya, kamati ya ushauri ya mkoa, na hatimaye kwa waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa. Mimi nilichaguliwa katibu kwa sababu ile ile inayowafanya walimu wawe makatibu wa kila kitu vijijini, yaani mwandiko. Mwenyekiti alikuwa mzee mstaafu wa reli, aliyefanya kazi ya ugadi wa treni kwenye reli ya kati kwa zaidi ya miaka ishirini, na ambaye hadi wakati huo alikuwa akitazama saa yake kabla ya kusema neno lolote la maana.

Tuliambiwa tumalize mapema, kwa kuwa uchaguzi wa serikali za mitaa ungefanyika Oktoba mwaka huo. Kama mabadiliko yangepita kabla ya hapo, wananchi wangechagua wenyeviti wa vitongoji ambao ndio wangekuwa sehemu kubwa ya baraza la mji mdogo. Kama hayangepita, wangechagua serikali ya kijiji kama kawaida na kungoja miaka mitano mingine.

Vikao vyetu vya kwanza vilifanyika darasani kwangu, sisi watu wazima tukiwa tumekunja magoti kwenye madawati ya darasa la pili. Ninakiri kwamba mwanzoni nililiona jambo lote kuwa la heshima tu, la kutaka kuitwa mji. Wafanyabiashara wa barabarani walizungumza juu ya stendi, dampo, mitaro na viwanja vilivyopimwa, na walizungumza vizuri. Mjumbe mmoja aliyewahi kuishi Dar es Salaam alituonya kwamba jina kubwa si kinga, akatukumbusha kuwa jiji lenyewe lilivunjiwa halmashauri yake mwaka 1996, likaendeshwa na Tume ya Jiji hadi mwaka 2000. Mwenyekiti wetu naye alirudi nyuma zaidi, hadi mwaka 1972, serikali za mitaa zilipovunjwa na madaraka kupelekwa mikoani, na akaeleza jinsi katika miaka ile, kabla ya sheria za mwaka 1982 kuzirudisha, mtu aliyetaka kulalamikia kisima kilichoharibika alivyomkuta ofisini ofisa mpole, mwenye kalamu, asiyewajibika kwa mtu yeyote aliyekunywa maji ya kisima kile.

Mambo yalibadilika mwanasheria wa halmashauri ya wilaya alipokuja kutufafanulia. Alikuwa kijana makini, hakutuficha kitu. Alisema kijiji ni chombo chenye nafsi yake kisheria: kinaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa. Alisema kwamba chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji huisimamia ardhi kama mdhamini, na haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Katika mji mdogo hakuna serikali ya kijiji. Vitongoji hubaki, kila kimoja na mwenyekiti wake na mkutano wake, lakini ule mkutano wa watu wote, unaotakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu na ambamo mtendaji husimama juani na kueleza hela za mnada zimekwenda wapi, haungekuwepo tena. Na eneo likishatangazwa kuwa la mipango miji, ardhi hupimwa, mtu hupata hati badala ya ile ya kimila, na hulipa kodi ya pango kila mwaka.

Palikuwa na kimya. Kisha mama mmoja mjumbe, muuza vitunguu, aliuliza kama kodi hiyo hulipwa hata mwaka ambao mvua haikunyesha. Mwanasheria akasema ndiyo. Mama akaniomba niandike.

Kuanzia siku hiyo tuliacha kuulizana kama tunastahili kuwa mji. Swali likawa nani atakuwa na uwezo wa kusema hapana, na atausemea wapi. Tulizunguka vitongoji vyote sita. Kwenye vitongoji vya barabarani watu walitaka mabadiliko, na sababu zao zilikuwa za kweli: serikali ya kijiji haikuwa na uwezo wa kuzoa taka za mnada, na ile asilimia 20 ya mapato iliyotakiwa kurudi kijijini kutoka wilayani ilikuwa ikirudi kwa kuchelewa, pengine isirudi kabisa. Kwenye vitongoji vya mlimani, ambako watu wanaishi kwa mahindi na mbaazi, hakuna aliyetaka kusikia neno kiwanja. Mzee mmoja alitueleza, bila hasira, kwamba shamba lake lilikuwa limekwisha kuhamishwa mara moja wakati wa Operesheni Vijiji, ile ya miaka ya 1970 ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vya pamoja, na kwamba safari hii angependa wapimaji wamkute amelala humo humo. Sikujua kama alikuwa akitania, na mpaka leo sijui.

Tulitembelea pia mji mdogo mmoja uliokwisha kutangazwa, tukitumia nauli tuliyochangishana. Tulikuta taa mbili za barabarani, moja ikiwaka, na ofisi ya mtendaji wa mji yenye mafaili yaliyopangwa vizuri kuliko yetu. Wenye maduka walikuwa wameridhika. Mwenyekiti mmoja wa kitongoji alituambia kwamba tangu wawe mji amehudhuria vikao vingi zaidi na kuulizwa maswali machache zaidi. Mwenyekiti wetu alimwomba arudie sentensi hiyo, nami nikaiandika yote.

Mkutano mkuu uliitishwa Jumapili moja ya mwezi Juni, saa 8 mchana, chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji. Mvua za masika zilikuwa zimekwisha, mahindi yalikuwa yakivunwa, na kwa hesabu yangu walikuja watu wengi kuliko nilivyowahi kuona. Kama ilivyo desturi, daftari la mahudhurio lilipitishwa mwanzoni, kila mtu akaandika jina na sahihi, na wasiojua kuandika wakaweka dole gumba. Majina yalifika 287. Mtendaji akatangaza kuwa akidi imetimia, makofi yakapigwa, na mazungumzo yakaanza.

Yalikuwa marefu mno. Mgeni kutoka wilayani alizungumza peke yake kwa muda wa saa nzima, akieleza faida za miji kwa jumla, bila kuugusa mji wetu hata mara moja. Kina mama walianza kuondoka saa 10, kwa kuwa kuni na maji havingojei ajenda. Watu wa mlimani, wenye safari ya miguu ya saa mbili, wakafuata. Kila mmoja aliondoka taratibu, akiinama kwa adabu asimkatishe msemaji, na ndiyo maana ilikuwa rahisi kutoona kwamba kusanyiko lilikuwa linayeyuka. Mimi nilikuwa nimeketi mezani nikiandika, na nilipoinua kichwa wakati wa kura, saa 11 na dakika 40 jioni, uwanja ulikuwa na nafasi kubwa zilizo wazi.

Tulihesabu mikono mara mbili. Waliounga mkono walikuwa 61, waliopinga 44, na tisa hawakunyoosha mkono upande wowote. Jumla 114. Karibu wote walikuwa watu wa barabarani.

Usiku ule niliandika muhtasari kwenye kaunta buku kwa taa ya chemli, na niliandika hesabu zote kama zilivyokuwa. Siku tatu baadaye ofisa mmoja wa wilaya aliupitia na kunishauri, kwa sauti ya kirafiki kabisa, niutengeneze vizuri kabla ya kuupeleka kuchapwa. Alisema hesabu za kura zinaleta maswali yasiyo ya lazima huko juu. Inatosha kuandika kwamba wananchi kwa kauli moja waliafiki, kisha niambatanishe orodha ya mahudhurio yenye sahihi 287, ambayo inajieleza yenyewe. Nilijua ilikuwa inaeleza nini. Ilieleza kwamba watu 287 walikuja. Nilijua pia jinsi ingesomwa.

Ningependa kusema kwamba nilikataa. Sikukataa. Nilikuwa naomba uhamisho wakati huo, mke wangu akiwa mwalimu katika wilaya nyingine na mtoto wetu wa kwanza akiwa kwake, na nilijiambia kwamba neno waliafiki si uongo, kwa kuwa walio wengi kati ya waliobaki waliafiki kweli. Maneno kwa kauli moja niliyaacha, nikajiona jasiri kwa hilo. Nikapeleka muhtasari kwa mchapaji wa stendi, nikamlipa, nikaubeba hadi nyumbani kwa mwenyekiti wa kamati yetu autie sahihi.

Nilimkuta nje, akipepeta mbaazi pamoja na wajukuu. Nilimwamkia, akaitikia, akavaa miwani, akasoma kurasa zote nne polepole, kidole kikitembea chini ya mstari. Alipomaliza alitazama saa, kisha akaniuliza:

"Mwalimu, kura ziko wapi?"

Nikamwambia ziko kwenye kaunta buku.

"Na hawa 287?"

"Ni mahudhurio, mzee."

Akavua miwani. "Mimi nimekuwa gadi, mwanangu. Treni ikitoka Dodoma saa 3 usiku na kuna watu 500 waliokata tiketi, nikifika Morogoro sisemi nimeleta watu 500. Nahesabu walio kwenye behewa. Waliokata tiketi siyo waliosafiri."

Hakunikaripia, na ingekuwa afadhali kama angenikaripia. Alinieleza kwamba yeye mwenyewe alikuwa amepiga kura ya kuunga mkono, kwamba angetaka stendi ijengwe kabla hajafa, na kwamba asingeweka sahihi yake kwenye karatasi ile. Tulikaa hapo mpaka giza likaingia. Kuchapa upya kulihitaji hela nyingine na safari nyingine ya kwenda stendi, na ofisa yule alikuwa akilisubiri faili asubuhi. Hatimaye mjukuu aliletwa na kalamu ya wino, nami nikaandika kwa mkono, pembezoni mwa ukurasa wa tatu, kwamba wakati wa kura walikuwepo watu 114, na jinsi walivyogawanyika, na kwamba watu wengi wa vitongoji vya mlimani walikuwa wamekwisha kuondoka. Mwandiko ulibanana, mistari ikapanda juu kama inayokwea kilima. Mwenyekiti akaweka sahihi chini ya muhtasari, kisha akaweka nyingine, ndogo, kando ya maneno yale ya pembezoni, akaniambia nami nifanye hivyo hivyo.

Ofisa alilipokea faili asubuhi iliyofuata, akafungua hadi ukurasa wa tatu, akasoma, akalifunga. Aliniambia tu kwamba nyaraka za serikali haziandikwi pembezoni. Kwa upande wa utaratibu alikuwa sahihi.

Oktoba ilifika na tukachagua serikali ya kijiji, mwenyekiti mpya na wajumbe wake, chini ya mwembe ule ule. Muda wote niliobaki pale hapakuja jibu lolote, la ndiyo wala la hapana, na sikuwahi kufahamu kama faili lilikwama kwa sababu ya maneno yangu ya pembezoni au kwa sababu tu mafaili hukwama. Wafanyabiashara wawili wa barabarani hawakunisalimu kwa miezi kadhaa. Uhamisho wangu ulitoka mwaka 2011. Siku ya kufungasha nilikwenda kumkabidhi mtendaji ile kaunta buku, naye akaniuliza kama kulikuwa na nakala iliyochapwa. Nilipomwambia iko wilayani, alisema basi hiyo ya mkono haina kazi, nibaki nayo nikipenda. Nikaiweka kwenye begi, katikati ya mashuka ya mtoto.