Tusiwadanganye wagonjwa wetu

Alhamisi, usiku

Kuna uongo ambao ndugu wa wagonjwa huusema kwa huruma kabisa, na sisi wauguzi wa wodi ya magonjwa ya akili tumeuzoea mpaka hautushtui tena. Mtu anatolewa kisiwani kwa kuambiwa, "Twende Mwaloni tukauze dagaa," au, "Shangazi anaumwa mjini, anakuulizia." Meli inafika, anapandishwa bajaji, na bajaji haiendi Kirumba, liliko soko hilo la Mwaloni hapa Mwanza, wala kwa shangazi. Akifika getini mwa hospitali anaelewa kila kitu. Kuanzia hapo hamwamini kaka, hamwamini mama, na sisi tunaomsubiri na faili lake hatuna sababu ya kutegemea kwamba atatuamini.

Wiki hii tumempokea kijana wa namna hiyo (nimebadilisha mambo mawili matatu ili asitambulike). Ni mvuvi wa dagaa. Kaka yake alinivuta pembeni akaninong'oneza, "Sista, mwambie tu mnampima malaria, atatulia." Nikamwambia hapana, hilo sitamwambia. Nikaenda kukaa na mgonjwa kwenye benchi, ubavuni kwake, maana kumkabili uso kwa uso mtu mwenye hofu ni kama kumzibia mlango. Nikamtajia jina langu. Nikamwambia hapa ni hospitali, hii ni wodi ya magonjwa ya akili, na ndugu zako wamekuleta kwa sababu hali yako ya siku hizi imewatia wasiwasi.

Alikasirika, tena sana. Alimtukana kaka yake, akagoma kuvua viatu. Lakini jioni chai ilipopita aliniita mimi. "Dada, wewe ndiye uliyeniambia tuko wapi. Sasa niambie nitakaa siku ngapi." Nikamjibu kwamba hilo sijui, daktari atamwona asubuhi, na nitakuwepo. Akachukua kikombe.

Najua swali litakalokuja: je, ukimwambia ukweli akakataa kuja? Ndiyo, wengine hukataa, na wengine kwa hali waliyonayo hawawezi kuachwa nyumbani. Ndiyo maana Sheria ya Afya ya Akili ya Tanzania ya 2008 ina utaratibu wa kumlaza mtu kwa hiari yake na utaratibu wa kumlaza bila hiari. Hata anayelazwa bila hiari anaweza kuambiwa wazi nini kinafanyika na kwa nini. Kulazimishwa kunaumiza, na kudanganywa juu yake ni kumwongezea maumivu mengine.

Mwaka 1952 yalitokea mambo mawili ambayo nayafikiria mara nyingi nikiwa zamu. Jijini Paris, madaktari Jean Delay na Pierre Deniker walionyesha kwamba dawa ya klopromazini inatuliza wagonjwa wenye saikosisi, yaani waliopoteza mguso na uhalisia, na hapo ukafunguka mlango wa dawa tunazotumia hadi leo. Mwaka huohuo huko Marekani, muuguzi Hildegard Peplau alichapisha kitabu chenye hoja kwamba uhusiano kati ya muuguzi na mgonjwa ni sehemu ya tiba yenyewe. Una mwanzo wake, mnapofahamiana. Una katikati, mnapofanya kazi pamoja. Una mwisho, mnapoagana. Dawa tuliipokea kwa mikono miwili. Hilo la pili tunalifundisha darasani, mwanafunzi analijibia mtihani, halafu akifika wodini anakuta wagonjwa wengi, wauguzi wachache, na mazungumzo yanageuka kuwa "umekula? umelala? meza dawa." Simlaumu mtu aliyechoka. Ila nakataa tuamini kwamba hayo ndiyo mazungumzo.

Ukweli huwa mgumu zaidi kwa mgonjwa anayeamini jambo ambalo sisi hatulioni. Mama mmoja alikataa uji siku nzima, akisema jirani yake ametia sumu kwenye sufuria. Mwanafunzi wa kwanza akambishia: "Mama, hakuna sumu, sisi wote tumekunywa." Mama akazidi kukunja mikono. Wa pili, kwa nia njema, akamwambia, "Sumu nimeshaitoa, kunywa." Hiyo ndiyo iliyonisumbua. Ukisema hivyo umemthibitishia kwamba sumu ilikuwepo, na kwamba hata wewe unaijua. Kesho atakuuliza nani aliitia, na utalazimika kutunga mengine.

Niliketi, nikamsalimu kwa Kisukuma, "Mwadila mayu," nikanyamaza mpaka akaitika. Kisha nikamwambia: "Mimi sioni sumu kwenye uji huu. Lakini naona una hofu, na nadhani una njaa. Tufanye nini ili uweze kula?" Alifikiri muda mrefu. Nilitamani sana kuujaza ule ukimya, sikuujaza. Mwishowe akasema angekula ndizi mbivu ambayo haijamenywa, na yai la kuchemsha likiwa na ganda lake. Tukampatia. Alimenya mwenyewe, taratibu, akikagua kila upande. Hakuna aliyeshinda ubishi siku ile, wala hakuna aliyedanganywa, na mama alikula.

Hivyohivyo kwa wanaosikia sauti. "Mimi siisikii, ila naamini wewe unaisikia. Inakuambia nini?" Swali hilo si la udadisi. Sauti inayomtukana mtu na sauti inayomwamuru ajidhuru au amdhuru mtoto ni mambo mawili tofauti kabisa, na hutajua ni ipi kama umemkatisha kwa "achana nayo hiyo."

Na kusema kweli kunakwenda pamoja na kuuliza vizuri. Yule kijana wa dagaa nilimkuta ameandikiwa kwenye faili "halali usiku." Mvuvi wa dagaa gani analala usiku? Wanakesha na taa ziwani wakati wa giza, wanalala mchana, na mwezi ukiwa mkubwa wanapumzika. Nikamuuliza habari za mbalamwezi: boti zikiwa zimepaki, unalala? Akasema hata wakati huo hakulala, alikuwa akiosha nyavu za watu wengine usiku kucha, hachoki, ana mipango ya kununua boti kumi. Hapo ndipo tulipopata habari ya maana ya kumpelekea daktari, kwa sababu kukosa usingizi bila kuchoka ni dalili, na kwa mwenye ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka (bipolar), kukesha kwenyewe kunaweza kumwamshia ugonjwa.

Kuhusu dawa nitasema kwa ufupi, ingawa linaniuma. Haloperidoli, mojawapo ya dawa za saikosisi, inaweza kumkaza mtu shingo, ikageukia upande mmoja, au macho yakapanda juu yakakataa kushuka, hasa kwa vijana wa kiume, hasa siku za mwanzo. Ina matibabu, na yanafanya kazi haraka. Lakini familia isiyoambiwa mapema ikiona shingo imepinda inasema majini yamepanda, inamtorosha mgonjwa, inampeleka kwa mganga. Dakika tano za kueleza siku ya kwanza. Tunaogopa kwamba tukiyataja madhara mgonjwa atakataa dawa. Wapo wanaokataa. Wanaokutana nayo bila kuonywa hukataa zaidi, na hawarudi kliniki.

Kisha kuna swali ambalo wauguzi wengi hulizungukazunguka: "Umewahi kufikiria kujiua?" Tunauliza "una mawazo mabaya?" ili mtu ajibu hapana sote tupumue. Kuuliza waziwazi hakumpandikizi mtu wazo hilo. Shirika la Afya Duniani linasema hivyo, na mimi nimeona nyuso zikilegea kwa sababu hatimaye mtu amelitaja. Hapa kwetu kuna hofu ya ziada. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, na watu wanalijua hilo hata kama hawajui namba ya kifungu. Dada mmoja aliyenusurika baada ya kunywa sumu ya kuulia wadudu aliniuliza kwanza kabisa, kabla hata hajaomba maji, "Polisi watakuja?" Mimi natamani kifungu hicho kiondolewe, kwa sababu kinawaficha watu tunaowahitaji waje mapema.

Hapo napo uongo uko karibu sana. Mtu anakuambia, "Nitakuambia, ila uniahidi hutamwambia mtu," na ulimi unataka kuitikia ndiyo. Siitikii. Namwambia kwamba mambo yake hayatatembea mtaani wala hayatafika kwa ndugu bila sababu, lakini likiwa ni jambo la kuhatarisha maisha yake au ya mwingine, nitawashirikisha wenzangu wanaomtibu, na nitamwambia kabla sijafanya hivyo. Wengine hunyamaza wakisikia hivyo. Nakaa. Mara nyingi husema baadaye, na wanaposema wanajua wanamwambia nani na nini kitafuata.

Jumatatu ijayo naanza likizo. Zamani ilikuwa kawaida wodini muuguzi kutoweka tu, na mgonjwa akiuliza anaambiwa "yupo, atakuja kesho." Peplau aliuhesabu mwisho kuwa sehemu ya kazi, na nakubaliana naye, kwa hiyo nimeanza kuaga mapema. Mama wa ndizi aliniuliza nani atakayemchoma sindano yake ya mwezi. Nikamwita mwenzangu atakayeshika nafasi yangu, nikawatambulisha, wakasalimiana. Kijana wa dagaa alitaka kujua kama nitakuwepo siku atakayoruhusiwa. Nimemwambia huenda nisiwepo. Amenuna. Nimeandika kwenye daftari la kukabidhi zamu kwamba ameambiwa, na kwamba wasimwambie vinginevyo.