Siku moja maishani mwangu: fundi wa faiba na boti iliyogonga gogo

Saa 12 na nusu asubuhi, pwani ya Nungwi, Zanzibar. Maji yametoka, boti imevutwa juu pasipofika maji, imelala mchangani kwa ubavu. Ni boti ya faiba (matabaka ya nyuzi za kioo yaliyoshikanishwa kwa gundi ngumu iitwayo resini) inayopeleka wageni kisiwa cha Mnemba. Jana ilirudi ikikata maili 20 za baharini kwa saa, ikagonga gogo lililokuwa likielea. Nahodha ananionesha pahala penyewe: mkwaruzo na ufa mdogo kwenye jelikoti, lile tabaka laini la rangi la nje, kiganja kinaufunika.

"Fundi, paka rangi tu. Jumamosi nna wageni."

"Nahodha, niache kwanza niigonge."

Saa 1 na nusu. Nagonga kwa sarafu, kidogo kidogo. Penye uzima sauti inatoka kali na kavu. Palipoachana matabaka inakuwa nzito, imekufa. Nafuata sauti hiyo kwa chaki. Nikimaliza, duara limekuwa kubwa kama sinia la pilau.

Saa 3. Nang'oa mbao za sakafu, naingia ndani na tochi. Upande huu nyuzi zimekatika na resini imegeuka nyeupe. Hivi ndivyo faiba inavyoumia: pigo linatoka nje, lakini ubavu unapinda kuelekea ndani, kwa hiyo upande wa ndani ndio unaovutika na kukatika. Katikati matabaka yanateleza moja juu ya jingine. Nyuzi za kioo zina nguvu sana zikivutwa kwa urefu wake; baina ya tabaka na tabaka, hata hivyo, kinachoshika ni resini peke yake.

Namwita nahodha aingie aone, namweleza kwa nini mwendo ndio ulioumiza. Mwendo ukiongezeka mara 4, nishati ya pigo inaongezeka mara 16. Boti inayogusa gogo taratibu ina muda wa kupinda eneo kubwa na kurudi. Ikigongwa kwa kasi, eneo dogo linabeba karibu yote.

Saa 7. Swala, wali na samaki, kisha simu kwa mdogo wangu anayesoma uhandisi Dar. Kaka mtu nauliza bila haya. Ananieleza kuwa faiba ya kioo ikivutwa ghafla huonesha nguvu zaidi kuliko ikivutwa polepole, wakati nyuzi za kaboni hazibadiliki sana. Maabara hupima hayo kwa vyuma viwili virefu, kipande cha faiba katikati, kisha chuma kimoja kinapigwa. Mtambo huo ulitengenezwa na mwanafizikia Kolsky mwaka 1949. Na kwenye kasi ya risasi, anasema, mgandamizo unapita kwenye unene, ukifika nyuma unarudi ukiwa mvuto, unayabandua matabaka. Nimefurahi mno kusikia hilo. Miaka yote naona matabaka yaliyobanduka, na bado kuna njia nyingine ya kubanduka ambayo mikono yangu haijakutana nayo.

Saa 8. Barakoa, miwani, grainda. Naondoa kila kilichokufa mpaka sauti iwe kali tena. Ubavu huu una unene wa milimita 8, kwa hiyo kingo nazisaga zilale kama mteremko wenye upana mara 12 ya hapo, karibu sentimita 10 kuzunguka tundu lote. Wapo wanaobandika kiraka juu ya tabaka lililoachana na kupaka rangi. Hilo silikubali hata kwa pesa: abiria amekaa juu ya ubavu asioujua.

Saa 10 jioni. Naosha chumvi kwa maji baridi ya bomba, nakausha kabisa. Jua bado kali, hadena, dawa ya kuigandisha resini, naweka asilimia 1 tu ili resini isiwahi kuganda. Mkeka wa nyuzi fupi za kioo kwanza, kisha kitambaa cha kusuka, kisha mkeka. Kila tabaka nalipitishia rola mpaka hewa itoke, kwani kipovu kilichobaki ndipo pigo lijalo litakapoanzia.

Saa 12 kasoro. Upande wa ndani ni wa kesho, na baada ya hapo resini ikomae kabla ya kushuka majini. Nahodha hajabisha. Ameshampigia simu ndugu yake, wageni wa Jumamosi watapanda boti ya huyo ndugu.