Mama mwekundu, mtoto wa buluu: siku yangu ya Mei Njombe

Saa 11 alfajiri. Baridi ya Mei hapa Njombe inapenya hadi kwenye mifupa, lakini kabla ya chai natoka na tochi kwenda barazani. Nina maboksi mawili niliyoyazungushia chandarua. Mwezi Machi kipepeo mwekundu, Precis octavia, alitaga kwenye mmea wangu wa jamii ya mrehani. Viwavi nikawagawa: nusu barazani, nusu jikoni kwenye joto. Wa jikoni walitoka mwezi uliopita, wekundu kama mama yao.

Saa 1. Pupa wa barazani anapasuka! Mbawa zimekunjamana kama khanga iliyokamuliwa. Nasimama hapo, chai inapoa, hadi zinyooke: buluu iliyoiva, na mstari wa madoa mekundu. Ndugu wa tumbo moja. Zamani wataalamu waliwahesabu kuwa ni aina mbili, hadi mwaka 1898 mtaalamu wa wadudu Guy Marshall, aliyewalea kule Salisbury, Harare ya leo, alipoonyesha kwamba ni mmoja.

Saa 2 hadi saa 8 nafundisha bayolojia. Kidato cha pili wamemzunguka kipepeo wangu wa buluu, na binti mmoja anauliza, "Mwalimu, amejuaje kwamba kiangazi kinakuja?" Namwambia ni baridi aliyoipata akiwa bado kiwavi, hiyo ndiyo inayoamua homoni zake na vazi atakalotoka nalo.

Saa 9. Msituni, kukagua mitego ya ndizi zilizooza. Mzee mgema wetu huniwekea ulanzi, pombe ya mianzi, wa kuziloweka. "Kamwene, Mwalimu!" ananisalimu. Ndani ya mtego kuna Bicyclus watatu, wale vipepeo wadogo wa kahawia. Januari walikuwa na madoa makubwa kama macho, yamezungushiwa manjano. Leo macho yamebaki vitone, nayaona kwa kuinamia. Masika wanarukaruka kwenye majani mabichi. Vunjajungu akidaka lile doa la pembeni anapata kipande cha ubawa tu, na kipepeo anaondoka. Kiangazi wanakaa kimya juu ya majani makavu, na doa kubwa lingewasaliti. Majike huahirisha kutaga na kuishi kwa mafuta ya mwilini hadi nyasi zichipue tena.

Ndiyo maana namwomba mzee mgema, Septemba akichoma shamba, moto usifike chini ya miti. Anafikiri kidogo, kisha anakubali kuacha ukanda wa upande wa mto. Nimefurahi mno.

Saa 10, jua lingali na joto, namfungulia yule wa buluu. Wekundu nimezoea kuwaona kwenye nyasi za kilimani, juani. Huyu anashuka hadi kwenye ukingo wa barabara, anaingia kwenye shimo chini ya mizizi, anafunga mbawa. Upande wa chini ni rangi ya jani lililokauka. Nimemkodolea macho pale pale alipotua, na simwoni.