Embe la kwenye picha na embe la kwenye chupa

Embe lililochorwa mbele ya chupa ni tangazo tu. Geuza chupa utafute orodha ya viambato, ambayo aghalabu huwa kwa herufi ndogo ubavuni au nyuma.

Orodha hiyo hupangwa kwa uzito. Kilichotiwa kwa wingi zaidi wakati wa kutengeneza hutajwa kwanza, na kilicho kidogo kabisa huja mwisho. Ndivyo zinavyotaka kanuni za Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula. Sasa chukua orodha ya aina hii: maji, sukari, rojo la embe, asidi ya sitriki (E330), ladha, rangi (E110), kihifadhi (E211). Sukari imelitangulia embe. Shuka kwenye jedwali la virutubisho: tuseme linasema sukari gramu 12 kwa kila mililita 100. Basi rojo la embe haliwezi kuzidi gramu 12 hizo, kwa sababu limetajwa baada ya sukari. Tena ni pungufu zaidi, maana jedwali huhesabu pia sukari ya embe lenyewe. Chupa ya nusu lita ina sukari gramu 60, yaani vijiko 15 vya chai vya gramu nne nne, na embe halifiki kiasi hicho. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya aina hii isizidi gramu 50 kwa siku kwa mtu anayekula kalori 2,000.

Jina la kinywaji nalo lisome. Juisi ni tunda tupu, hata kama lilikolezwa kwa kuondolewa maji kisha yakarudishwa. Nekta huongezwa maji, na yaruhusiwa sukari. Kwa kiwango cha Codex nekta ya embe iwe na tunda asilimia 25 angalau, ya chungwa 50. Kikiitwa "kinywaji chenye ladha ya embe", usitarajie embe.

Mchezo mwingine uko kwenye biskuti. Utaona unga wa ngano, sukari, mafuta ya mawese, sharubati ya glukosi, dekstrosi. Sukari imegawanywa mafungu matatu, kila fungu likakaa mahali pake, ndiyo maana unga unaonekana kuongoza kwa mbali. Usihangaike kuyajumlisha, tazama mstari wa sukari kwenye jedwali, wala usisome safu ya "kwa mlo mmoja", kwani mlo huo huenda ni biskuti mbili. Linganisha bidhaa kwa gramu 100 tu.

Kwenye vidonge vya mchuzi na tambi za pakiti huandikwa sodiamu badala ya chumvi. Zidisha kwa 2.5. Pakiti yenye sodiamu miligramu 1,800 ina chumvi gramu 4.5, na kikomo cha mtu mzima kwa siku ni chini ya 5.

Namba za E, yaani namba za viongezo vya chakula kama rangi na vihifadhi, huwatisha watu kuliko inavyostahili. E330 ni asidi ile ile iliyomo kwenye ndimu, E300 ni vitamini C. Za kuangalia ni chache. E102, E110 na E129 ni miongoni mwa rangi sita ambazo Ulaya, tangu 2010, hulazimisha onyo kuhusu utulivu na umakini wa watoto. E951 ni aspatemu, kitamu bandia, hatari kwa mwenye ugonjwa wa kurithi uitwao fenilketonuria. E322 ni lesithini, mara nyingi hutoka kwenye soya, muhimu kwa mwenye mzio.

Kwa anayechunga halali: E120 ni rangi itokanayo na wadudu, jelatini hutoka kwa mnyama, na E471, kiunganishi cha mafuta na maji, yaweza kuwa ya mafuta ya mimea au ya mnyama. Namba peke yake haitakuambia ni ipi. Tafuta neno "ya mimea" kando yake au nembo ya halali. Visipokuwapo, muulize mtengenezaji kwa anwani iliyo kwenye pakiti.