Siku yangu na Altezza ya gia sita: Goba hadi Posta

Saa 11:15 alfajiri

Nafungua boneti kabla ya chai. Nachomoa kijiti cha oili, nakifuta, narudisha, naangalia tena. Nawasha na kuondoka taratibu. Mshale wa joto usipopanda mahali pake sivuki mizunguko 3,000 ya injini kwa dakika, hata daladala ipige honi namna gani nyuma yangu.

Kwa wasiolijua: hili ni Altezza RS200, gari ambalo Toyota walilitoa mwaka 1998 na kuacha kulitengeneza 2005. Nchi nyingine liliuzwa kama Lexus IS. Kwao Japani lilibeba tuzo ya Gari la Mwaka 1998–1999. Mengi mnayoyaona Dar ni otomatiki, dereva kaweka kiwiko dirishani. Langu lina gia sita za mkono, linasukuma kwa tairi za nyuma, na injini yake ya lita 2 ina nguvu za farasi 210. Ila hizo 210 zimekaa juu kabisa, kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika. Chini ya 3,000 ni gari lililonuna. Na foleni ya Dar yote iko chini ya 3,000, kwa hiyo kulizoea kwangu mimi kumekuwa ni kuzoea kuishi nalo likiwa limenuna.

Saa 11:40

Vilima vya Makongo. Udereva niliusomea kwenye pikapu ya manyuo kama wengi wetu, leseni ikatoka, kisha nikaendesha Passo ya otomatiki miaka nenda rudi. Kichwa kilikuwa kinakumbuka. Mguu wa kushoto ndio uliosahau kila kitu.

Bajaji imesimama katikati ya mlima inashusha abiria, bodaboda imejibana kwenye bampa langu la nyuma. Navuta hendibreki. Naachia klachi hadi pua ya gari iinuke kidogo na sauti ya injini izame, hapo naongeza mafuta na kushusha hendibreki. Wako wanaume walionieleza kwamba dereva wa kweli anabalansi kwa klachi peke yake, hendibreki ni ya wanafunzi. Wabaki na bampa zao.

Kushuka upande wa pili naweka gia ya pili, gari linajishika lenyewe, breki naigusa tu. Hili otomatiki yangu haikuwahi kunipa.

Saa 12:20

Mwenge kwenda makutano ya Morocco. Hapa ndipo nilipojifunza kuliko kwa mwalimu yeyote.

Fundi wangu wa Sinza alinipa sheria moja: mguu ama umekanyaga klachi mpaka mwisho, ama uko sakafuni. Kuuegemeza katikati ndiko kunakokula bearing ya klachi. Gari likisimama, weka fri, yaani bila gia, toa mguu. Basi nimejifunza kuacha pengo. Gari la mbele likisogea silifuati papo hapo. Nasubiri nafasi itoshe, naingiza ya kwanza, naachia klachi yote, na gari linajiendea bila mafuta, mwendo wa mtu anayewahi basi. Hesabu ikikaa sawa namfikia wa mbele pale pale anapoanza kusogea tena, nami sijagusa kitu.

Shida ni kwamba Dar hakuna anayeamini kuwa pengo lina mwenyewe. Zinaingia bodaboda, bajaji inazifuata, na konda wa daladala ananipungia mkono kana kwamba nimemwalika. Nawaacha. Kubadilisha klachi nzima, pamoja na kazi ya kushusha giaboksi, ni ada ya mtoto. Kuchelewa kidogo nakumudu.

Viatu pia ni somo. Vya ofisini viko kwenye mfuko nyuma, naendesha na raba za soli nyembamba. Usipousikia mguu, huisikii klachi.

Saa 1:10 asubuhi

Daraja la Tanzanite. Kilomita moja na kidogo juu ya maji, na leo liko wazi. Ya kwanza, ya pili, injini inabadilika sauti, unaanza kuelewa Wajapani walikuwa wanafikiria nini. Halafu basi. Gia ya pili ikikaribia mizunguko 4,000 tayari niko kwenye 50, mwisho wa mwendo wa mjini, na tochi haipigi hodi. Naruka hadi ya nne, utamu unakatikia hapo.

Mwisho wa daraja nashusha gia. Klachi ikiwa chini nagusa mafuta kidogo, mizunguko ipande ilingane na gia ninayoiendea. Ikikubali hakuna mtikisiko. Ikikataa, shingo inasalimia dashibodi. Leo imekubali.

Saa 2 hadi saa 7

Kazi. Mimi ni wakala wa forodha, siku yangu ni nyaraka na simu. Mteja mmoja anataka kuagiza gari kama langu kutoka Japani, kaona bei kwenye mtandao kachanganyikiwa kwa furaha. Namfanyia hesabu ya kodi, nikifika kwenye ule ushuru wa uchakavu wa asilimia 30 kwa magari yaliyozidi miaka 10, ananyamaza. Namshauri atafute lililokwisha kuingia nchini, aende na fundi, na wakilijaribu apande mlima nalo kwa gia ya tatu. Injini ikipiga kelele huku mwendo hauongezeki, klachi imekwisha.

Saa 7:30 mchana

Kijana wa kuosha magari anachukua funguo, anarudi baada ya muda.

"Dada, hili gari halina D."

Namwambia liko fri, wanalisukuma watatu hadi kwenye bomba. Mlinzi, mzee wa heshima zake aliyewahi kuendesha malori, anacheka mpaka anakaa. Faida yake ipo: tangu ninunue gari hili, shemeji zangu wameacha kuazima.

Saa 11:30 jioni

Mvua. Tairi za nyuma ndizo zinazosukuma, kwa hiyo kwenye kona naachia klachi pole na mafuta nayatia kwa adabu, la sivyo mkia unataka kutangulia. Njiani trafiki ananisimamisha. Altezza kwa sifa zake mjini hapa halihitaji kosa ili lisimamishwe.

"Dada, gari la nani hili?"

"Langu, afande."

Anaangalia leseni, bima, kisha anachungulia ndani. "Kumbe manyuo!" Ananirudishia karatasi, ananiuliza bei.

Napitia gereji Sinza kwa sababu pedali ya klachi imeanza kulegea inapokanyagwa. Fundi anaingia chini na kurunzi, anatoka na kidole kilicholowa. Silinda ya chini ya klachi inavuja. Anajaza mafuta ya breki, ananiambia yatanifikisha nyumbani na kunirudisha mjini kesho, lakini nisilichezee.

Saa 3 usiku

Kwenye kundi letu la WhatsApp la wenye Altezza kuna mtu anauza silinda hiyo hiyo, mtumba wa Japani. Nauliza bei, anajibu "njoo inbox". Nampigia fundi.

"Achana naye, dada. Silinda yako bado nzima, kanunue mpira wake tu."

Jumamosi nitapitia Ilala kuutafuta. Akishaufunga tutalijaribu barabara ya Bagamoyo, na tukivuka Bunju ndipo atakaponiambia lini niingize ya sita, maana hadi leo sijapata nafasi ya kuitumia. Nimemwambia yeye afunge mkanda tu.